Sikununa, Ilikuwa Shingo!

Kwa miezi saba nilikuwa nalala nimempa mume wangu mgongo. Yeye akadhani nimenuna, kumbe shingo haigeuki! Akinigusa bega naruka, akiniuliza kulikoni namjibu kwa mkato. Jamani, maumivu yasiyosemwa huleta ugomvi ndani ya nyumba.

Nilibadilisha mito, nikachua dawa, nikameza vidonge. Wapi! Siku moja alinifuata kazini akanikuta kwenye kompyuta. "Mke wangu, mbona unataka kulibusu hilo dude?" Miwani yangu ilikuwa ya miaka minne, imelegea, inateremka puani. Ili nione, nilikuwa nachomoza kichwa kama kobe.

Kichwa cha mtu mzima kina uzito wa kilo 4 hadi 5 hivi. Kikitangulia mbele, misuli ya shingo hukishikilia kutwa nzima. Wenye miwani ya kusomea kwa chini nao huinua kidevu kuitazama skrini. Hao waishushe kidogo.

Nilipima macho upya, nikapata miwani inayokaa. Maumivu yakapungua, hayakuisha, maana misuli ilishadhoofika. Mtaalamu wa fiziotherapia akanipa mazoezi haya:

1. Kaa wima, rudisha kidevu nyuma bila kuinama, hesabu mpaka 5. Rudia mara 10.
2. Weka kiganja kwenye paji la uso, sukumana nacho taratibu bila kichwa kusogea. Fanya hivyo kisogoni na kila upande.
3. Vuta mabega nyuma, achia, rudia mara 10.

Utafiti wa Finland uliochapishwa mwaka 2003 ulihusisha wanawake 180 wa maofisini wenye maumivu sugu ya shingo. Walioimarisha misuli kwa mwaka mzima walipata nafuu kuliko walioshauriwa kujinyoosha na kufanya mazoezi ya kawaida tu. Siri ni kutoacha.

Mimi nilitaka kuacha wiki ya tatu. Mume wangu akakataa, kila jioni akawa ananihesabia, "Moja, mbili..." huku akinitania. Wiki ya nane nikageuka kitandani bila kuguna.

Msomaji, ukisikia ganzi au mkono unaishiwa nguvu, au maumivu yameanza baada ya ajali, usijitibu, nenda hospitali. Vinginevyo, angalia miwani yako, anza mazoezi, na mwambie mwenzio unaumwa. Asije akadhani umemchoka.