Fahamu: Saini zinavyobadili kanuni za uchaguzi Washington

Mjini Washington, mji mkuu wa Marekani, wananchi hawalazimiki kuwasubiri madiwani. Wakikusanya saini za asilimia 5 ya wapigakura walioandikishwa, na kiwango hicho kikafikiwa katika kata 5 kati ya 8, hoja yao hupigiwa kura.

Ndivyo Hoja ya 83, ya kuorodhesha wagombea na kuwaruhusu wasio na chama kushiriki kura za mchujo, ilivyopita Novemba 2024. Chini ya hoja hiyo, mpigakura anaorodhesha hadi wagombea 5, kuanzia ampendaye zaidi. Wa mkiani anaondolewa, kura zake zinahamia chaguo linalofuata, mpaka mmoja avuke nusu.

Ila baraza la jiji linaweza kuifuta sheria ya wananchi, kama lilivyofanya 2018 kwa Hoja ya 77 kuhusu ujira wa wahudumu wa mikahawa. Uamuzi ule ulikuwa dhuluma. Kwa Hoja ya 83, mwaka 2025 baraza lilitenga fedha za kuorodhesha wagombea. Sehemu yake ya kuwaruhusu wasio na chama kushiriki kura za mchujo ikaachwa bila fedha.