Uingereza: Huko Tissington wanapamba visima kwa maua, picha zinadumu wiki moja tu

Kila mwaka, Jumatano jioni kabla ya siku kuu ya Kupaa kwa Bwana, wakaaji wa Tissington, kijiji kidogo cha Derbyshire, wanatoa mbao kubwa walizozipamba na kuzisimamisha kwenye visima vyao sita. Ni saa ya wasiwasi. Mbao zilikuwa zimelazwa. Zikisimama na udongo usiposhika, picha yote inaanguka.

Katika picha hizo, ambazo mara nyingi ni za habari za Biblia, hakuna rangi ya kununua. Mbao huloweshwa majini siku kadhaa, kisha zinapakwa udongo wa mfinyanzi uliochanganywa na chumvi ili usikauke upesi. Karatasi yenye mchoro inalazwa juu, mistari inatobolewa, karatasi inaondolewa. Mbegu na magome ya miti vinafuata mistari. Halafu inakuja kazi ndefu: majani ya maua yanabandikwa moja moja, kutoka chini kwenda juu, yakipandana kama mabati ya nyumba, ili mvua iteleze bila kuharibu. Kwa kuwa maua yananyauka haraka, hayo yote hufanywa siku mbili tatu za mwisho. Kazi si ya msanii mmoja. Hata watoto wana kisima chao.

Alhamisi, baada ya ibada, padri na waamini wanazunguka kisima kwa kisima, wakiimba na kubariki maji.

Sababu yake ni nini? Wanasimulia kwamba mwaka 1348 na 1349, tauni ilipoua watu wengi sana Uingereza, Tissington ilipona, na wakaaji wakasema ni kwa ajili ya maji yao safi. (Tauni hiyo si hadithi ya zamani kwa kila mtu: huko Ituri, upande wa Rethy, wanaijua vizuri.) Wengine wanataja ukame mkali wa 1615, wakati visima hivyo havikukauka na watu wa vijiji vya jirani wakaja kuchota hapo. Shukrani kwa maji, basi, na kwa uhai.

Ndiyo maana mwaka 2020 uliuma. Desturi inayosemekana ilizaliwa na ugonjwa ilisimamishwa na ugonjwa mwingine, Korona, na visima vikabaki bila maua.

Vijiji na miji mingine ya Derbyshire inafanya vilevile. Mjini Wirksworth, maji ya bomba yalipofika mwaka 1827, watu walipamba robine. Mtu aliyewahi kupanga foleni na bidoni tangu alfajiri hatawacheka.

Atakayechelewa kwenda Tissington atakuta kidogo. Baada ya wiki moja maua yamegeuka kahawia na udongo umepasuka. Mbao zinashushwa, zinakwanguliwa, zinarudishwa ghalani.