Masisi: nani ahesabiwe?

Tarehe 24 Aprili 1990 Rais Mobutu alitangaza kwamba Zaire, Kongo ya leo, imeachana na mfumo wa chama kimoja. Huko Masisi, Kivu ya Kaskazini, tangazo hilo lilizua swali la hatari: uchaguzi ukifika, nani atapiga kura?

Tangu 1937 hadi 1955 Wabelgiji waliwaleta maelfu ya Wanyarwanda kulima na kufuga katika ardhi ya Wahunde. Kufikia 1990 Banyarwanda, Wahutu na Watutsi pamoja, walikuwa wengi kuliko wenyeji wao. Enzi ya chama kimoja wingi huo haukuamua utawala: mwami, yaani mtawala wa jadi, aligawa mashamba, na Mobutu aliwagawia washirika wake mengine. Lakini kwa kura huru, wenye watu wengi wangeshika utawala, na anayeshika utawala ndiye anayeamua mambo ya ardhi. Kuwazuia kulikuwa na njia rahisi, nayo ni kuwaambia kwamba si raia.

Sheria zilikuwa tayari kabatini. Sheria ya uraia ya 1972 iliwapa uraia waliohamia Kivu kabla ya 1960. Mkurugenzi wa ofisi ya rais wakati huo, Barthélemy Bisengimana, alikuwa Mtutsi mwenye asili ya Rwanda, jambo ambalo bila shaka halikuichelewesha. Ile ya 1981 iliufuta uraia huo, ikataka mababu waliokuwa Kongo mwaka 1885, yaani mwaka ambao Mfalme Léopold alijitwalia nchi asiyowahi kuikanyaga hadi kufa kwake. Mkulima wa Masisi akawa raia, kisha mgeni, na jembe bado liko mkononi.

Mwaka 1991 serikali ikaanza kuwaorodhesha raia Kivu, na wajumbe wa Banyarwanda wakapingwa katika Mkutano Mkuu wa Taifa uliojadili mageuzi ya kisiasa. Wanasiasa walijua wanachochea nini. Machi 1993 Wahutu walivamiwa katika soko la Ntoto, Walikale. Mauaji yakaenea hadi Masisi, Wahutu nao wakalipiza kwa Wahunde, na waliokufa walikuwa maelfu. Wanaosema balaa la Kivu liliingia na wakimbizi wa Rwanda wa 1994 wamechelewa mwaka mzima.

Sheria ya uraia ya 2004 iliyatambua makabila yote yaliyokuwa nchini wakati wa uhuru. Mashamba na bunduki haikuvigusa. Katika uchaguzi mkuu wa Desemba 2023, Masisi na Rutshuru hazikupiga kura kwa sababu ya vita.