Kifumbato na Mkupuo: Istilahi za Chombo cha Kuandikia kwa Mkono Mmoja

Aghalabu maombi ya istilahi hufika mezani petu yakiwa orodha ya maneno ya kigeni, na upande wa pili wa karatasi ukiwa mtupu, ukingoja Kiswahili. Ombi tunalolieleza katika makala haya lilifika kwa namna nyingine. Lililetwa na mfasiri mwenzetu, mzee aliyeifanya kazi hiyo kwa zaidi ya miaka thelathini, ambaye mkono wake wa kushoto ulipooza baada ya kupatwa na kiharusi. Alitoa mfukoni kitu cheusi kinachoenea kiganjani, akakiweka juu ya meza, akasema: "Kijana, hiki ndicho kibodi yangu, na ndicho kipanya changu. Nitafutieni maneno ya kukielezea."

Mzee wetu hakuyahitaji maneno hayo kwa nafsi yake, maana Kiingereza cha kijitabu cha maelezo hakikumshinda. Aliyahitaji kwa ajili ya wenzake aliofanya nao mazoezi ya viungo hospitalini. Miongoni mwao walikuwamo karani, mwalimu wa shule ya msingi na kijana mwenye duka, wote wakiwa wamebakiwa na mkono mmoja wenye nguvu, na wote wakitaka kurudi kwenye kazi zao. Aliwaahidi kuwaandikia mwongozo wa Kiswahili.

Tulidhani kazi hiyo ingekwisha kwa siku moja. Ilichukua majuma matatu, na rasimu ya kwanza ilitupwa yote. Sababu ya kutupwa kwake ndiyo kiini cha makala haya: tuliiandika kabla hatujakishika chombo chenyewe.

Chombo chenyewe

Chombo hiki huuzwa kwa jina la Twiddler, na kilianza kuonekana Marekani katika miaka ya 1990. Hufungwa mkononi kwa ukanda. Upande unaomwelekea mtumiaji una vitufe vya kidole gumba; upande wa pili, usioonekana na mtumiaji, una vitufe 12 vilivyopangwa katika mistari minne yenye vitufe vitatu vitatu. Kila mstari ni wa kidole kimoja: cha shahada, cha kati, cha pete na cha mwisho. Katika matoleo ya baadaye pana pia kinundu kidogo karibu na kidole gumba. Ukikisukuma kinundu hicho, kishale huhama juu ya kioo cha kompyuta, na kwa hiyo kipanya hakihitajiki tena.

Msomaji atauliza: vitufe 12 vitaandikaje herufi zote, tarakimu na alama za vituo? Jibu ni kwamba vitufe havibonyezwi kimoja kimoja tu, bali pia viwili au zaidi kwa wakati mmoja, na kila mchanganyiko una herufi yake. Kila kidole kina hali nne: ama kimetulia, ama kimebonyeza kimojawapo cha vitufe vyake vitatu. Vidole vinne vyenye hali nne kila kimoja hutoa michanganyiko 256. Ukiondoa ule ambao vidole vyote vimetulia, hubaki 255, na hapo kidole gumba bado hakijahesabiwa.

Asili ya mbinu hii

Mbinu hii si ngeni. Mwaka 1874 Mfaransa Émile Baudot alipata hataza ya mtambo wake wa simu ya maandishi, ambao mwendeshaji wake alitumia vitufe vitano tu, viwili kwa mkono mmoja na vitatu kwa mkono wa pili. Vitufe vitano hutoa michanganyiko 31. Mwaka huo huo kampuni ya Remington ilianza kuuza taipureta ya Christopher Latham Sholes, ambayo kila herufi ilikuwa na kitufe chake. Taipureta ndiyo iliyoenea maofisini, na kibodi ya kompyuta imerithi mpangilio wake.

Tarehe 9 Desemba 1968, katika mji wa San Francisco, mhandisi Douglas Engelbart aliwaonyesha wataalamu wenzake namna mpya ya kuitumia kompyuta. Mkono wake wa kulia ulishika kipanya, ambacho kielelezo chake cha kwanza kilitengenezwa kwa mbao. Mkono wa kushoto ulikuwa juu ya chombo chenye vitufe vitano vya kubonyezwa kwa mchanganyiko. Katikati palikuwa na kibodi ya kawaida. Baadaye, mwanzoni mwa miaka ya 1980, Uingereza nayo ilipata Microwriter, chombo chenye vitufe sita kilichobuniwa na Cy Endfield, ambaye umma ulimfahamu zaidi kama mwongozaji wa filamu.

Kipanya cha Engelbart kilienea ulimwenguni kote. Vitufe vyake vitano havikuenea. Tofauti yao ni kubwa kwa mtu wa istilahi. Kipanya hujifundisha chenyewe, kwani ukikisukuma unaona kishale kikihama. Vitufe vya mchanganyiko havijifundishi. Huwezi kuikisia herufi M kwa kuvitazama. Sharti mtu akueleze. Chombo cha namna hii hufundishwa kwa maneno, na maneno yakiwa mabaya, chombo kizima huwa bure.

Hata hivyo wapo kati yetu wanaoijua mbinu hii tangu utotoni. Wanafunzi wasioona waandikao nukta nundu kwa mashine ya Perkins, iliyoanza kutengenezwa Marekani mwaka 1951, hubonyeza hadi vitufe sita kwa wakati mmoja ili kupata herufi moja. Nukta sita hutoa michanganyiko 63. Tena jina lenyewe, nukta nundu, latufaa kuwa kielelezo: halikutokana na umbo la mashine wala na jina la mgunduzi, bali na kile ambacho kidole hukihisi juu ya karatasi.

Jaribio

Katika rasimu yetu ya kwanza tuliandika hivi: "Bonyeza kitufe cha kwanza pamoja na cha pili." Sentensi hiyo haina kosa la sarufi. Mzee wetu aliisoma kwa sauti, akabonyeza kitufe cha kwanza, akakiachia, akabonyeza cha pili. Zikatokea herufi mbili ambazo hakuzitaka. Akanitazama. Nikakichukua chombo nami nikafanya vile vile. Ndipo nilipotambua kwamba katika matumizi yetu ya kila siku "pamoja na" haidai wakati mmoja. Mtu akisema amenunua sukari pamoja na chumvi, hakuna adhaniaye kwamba alizishika zote mbili kwa mpigo mmoja.

Nilikiazima chombo kwa juma zima. Siku ya kwanza sentensi moja fupi ilinichukua karibu nusu saa. Siku ya tatu niligundua jambo ambalo rasimu yetu haikulitaja kabisa: herufi haiandikwi wakati wa kubonyeza, bali wakati wa kuachia. Vidole vinaweza kufika kimoja baada ya kingine bila madhara, ilimradi visiachie kabla vyote havijafika. Kwa mwenye vidole vizito jambo hili ni faraja kubwa, nasi tulikuwa tumemnyima.

Kosa la tatu lilihusu pande. Tuliandika "safu ya kushoto" na "safu ya kulia". Lakini vitufe vimempa mtumiaji kisogo. Kushoto kwa anayekishika chombo ni kulia kwa mwalimu aliyesimama mbele yake. Tuliyaacha maneno hayo, tukapima kwa kiganja: safu iliyo karibu na kiganja ni safu ya karibu, ya pili ni safu ya kati, na ile inayofikiwa kwa kunyoosha kidole ni safu ya mbali. Kwa kuwa kila mstari una kidole chake, kitufe chochote sasa chaweza kutajwa kwa maneno mawili: shahada mbali, pete karibu, na kadhalika. Majina ya vidole tulikuwa nayo tangu zamani, hayakuhitaji kuundwa.

Lipo na jambo la lugha yenyewe. Katika mpangilio wa kialfabeti tuliojifunza nao, herufi A hadi H hupatikana kwa kitufe kimoja kimoja, na zilizobaki kwa vitufe viwili. Mpangilio huo haukumfikiria Mswahili. Herufi C, ambayo katika Kiswahili sanifu haitokei bila H kuifuata, imepewa kitufe chake peke yake. Ilhali I, K, M, N, U na W, ambazo hatuwezi kuandika mstari mmoja bila hizo, zote zinadai vitufe viwili. Bahati njema chombo huruhusu kupangwa upya, na mchanganyiko mmoja waweza kuagizwa kutoa herufi zaidi ya moja. Mzee wetu ameshajipangia CH, SH, NY na NG', na hata neno zima "kwa", kila moja kwa mbonyezo mmoja.

Je, jitihada hii yalipa? Watafiti wa Chuo cha Teknolojia cha Georgia, Marekani, walichapisha mwaka 2004 matokeo ya watu 10 waliojifunza Twiddler. Baada ya dakika 400 za mazoezi waliandika kwa wastani maneno 26 kwa dakika. Watano kati yao waliendelea hadi kufikia takriban saa 25, na wastani wao ukapanda hadi maneno 47. Mmoja alifika 67. Yafaa kukumbuka kwamba katika vipimo vya aina hii "neno" huhesabiwa kuwa herufi tano, nafasi ikiwamo, na maneno mengi ya Kiswahili huupita urefu huo.

Uchaguzi wa istilahi

Kwanza, mchanganyiko wa vitufe. Kiingereza hutumia neno la muziki, lile linalotaja sauti kadhaa zipigwazo kwa wakati mmoja. Kulitohoa kungetupatia "kodi", na mwongozo ungemwamuru mgonjwa "aingize kodi sahihi", jambo ambalo angelitegemea kutoka kwa mtoza ushuru. Tulilifikiria neno "mpigo", lakini pigo laweza kuwa la kidole kimoja. Tumelichagua neno mkupuo. Watu hunywa maji kwa mkupuo mmoja, na mstaafu hulipwa sehemu ya mafao yake kwa mkupuo: mambo ambayo yangeweza kuja kidogo kidogo huja kwa mara moja. Mzee wetu, ambaye kustaafu kwake kumekaribia, alilikubali papo hapo. Tulipomsomea "Bonyeza shahada mbali na pete karibu kwa mkupuo mmoja, kisha achia", vidole vyake havikukosea.

Pili, chombo chenyewe. Jina "kibodi ya mkono mmoja" linasema kinachukua nafasi ya nini, lakini halisemi ni nini. Isitoshe, kibodi ya kawaida nayo yaweza kutumiwa kwa mkono mmoja, kwa taabu. "Baobonye la mkononi" linaingiza bao mahali pasipo na bao. "Kinanda cha herufi" ni jina zuri masikioni, lakini litampeleka msomaji kwenye safu ndefu ya vitufe. Tumelichagua kifumbato, kutokana na kitenzi fumbata, kwa sababu tendo la kwanza la mtumiaji ni kukifumbata. Ndugu mmoja ofisini alipinga kwamba nyundo nayo hufumbatwa. Ni kweli, lakini kifuniko nacho si kitu pekee kifunikacho. Jina huonyesha njia, na matumizi humaliza safari.

Tatu, sehemu ya kusukumia kishale. Kuiita "kipanya" ni kumtafuta mnyama asiyekuwapo: kipanya kilipewa jina kwa umbo lake na waya wake mfano wa mkia. Hapa pana kinundu tu, nasi tumekiita kinundu cha kishale.

Mapendekezo

Tunayaweka mbele ya wasomaji mapendekezo yafuatayo:

1. Kifumbato (vi-): chombo cha kuandikia kinachofumbatwa mkononi na kutumiwa kwa mikupuo.
2. Mkupuo (mi-): vitufe viwili au zaidi vinavyobonyezwa kwa wakati mmoja ili kutoa alama moja au zaidi.
3. Kuachia: tendo la kuinua vidole, ambalo ndilo linaloandika.
4. Safu ya karibu, ya kati na ya mbali: safu za vitufe zinazopimwa kutoka kiganjani.
5. Kinundu cha kishale: sehemu ya kusukumwa kwa kidole gumba ili kukihamisha kishale.

Yawezekana msomaji akaona kwamba vifumbato ni vichache mno nchini kustahili kurasa hizi. Hatukatai kwamba ni vichache, na bei yake si ndogo. Lakini tumepata fundisho linalohusu vyombo vyote. Tangu sasa, mwongozo wowote wa chombo utakaopita mezani petu utasomwa kwa sauti mbele ya mtu aliyekishika, nasi tutaitazama mikono yake kabla ya kuitazama kamusi.

Mwongozo wa mzee wetu una kurasa tisa, na nakala zake zimekwisha kupelekwa kwenye chumba cha mazoezi. Karani ameomba mkupuo wa neno "Ndugu", kwa kuwa ndilo linaloanza kila barua yake. Mwalimu amelalamika kwamba "safu ya kati" huchanganywa na "kidole cha kati", na lalamiko lake ni la haki. Bado hatujapata jina lililo bora zaidi. Mwenye nalo na atuandikie.