Wimbo Umenunua, Haki ya Kuwapigia Wateja Bado

Kila Desemba, maduka na saluni za Kampala hupiga nyimbo za Krismasi za Philly Bongoley Lutaaya. Kwa kuwa alifariki Desemba 1989, wapo wanaodhani nyimbo zake sasa hazina mwenyewe. Sivyo. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya Uganda ya mwaka 2006 humlinda mtunzi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo chake. Tungo za Lutaaya basi zina ulinzi hadi mwaka 2039.

Wimbo mmoja huwa na wenyewe kadhaa: mtunzi ana hakimiliki, mwimbaji na mtayarishaji wa rekodi wana hakishiriki. Ukiununua, umepata ruhusa ya kuusikiliza. Upige nyumbani upendavyo, hudaiwi kitu, maana sheria inaruhusu matumizi binafsi. Lakini mwenye saluni pale Wandegeya akiwafungulia wateja wimbo huohuo, ameupiga hadharani, hata kama hatozi kiingilio. Baa na hoteli ni vivyo hivyo. Hapo inahitajika leseni, na chama kinachokusanya mirabaha ya muziki kwa niaba ya wasanii ni UPRS, kilichoanzishwa mwaka 1985.

Kijana anayejaza nyimbo kwenye flashi za watu kwa malipo yuko kwenye haki nyingine, ya kutoa nakala. Leseni ya kupiga muziki haimkingi. Naye anayetia wimbo kwenye video ya kutangaza duka lake anahitaji idhini ya mwenye utunzi na ya mwenye rekodi. Kumtaja msanii ni wajibu, ila hakuchukui nafasi ya idhini.

Mtunzi naye ajue kwamba haki yake huanza pindi wimbo unapoandikwa au kurekodiwa. Hata hivyo, ausajili katika URSB, ofisi ya serikali ya usajili, kwa sababu cheti ni ushahidi mzuri kesi ikizuka.

Muziki humfanya mteja akae, aagize chupa ya pili, arudi kesho. Gharama yake na iingie kwenye hesabu za biashara pamoja na umeme na kodi ya pango. Na wanaokusanya fedha hizo waonyeshe wazi zimemfikia nani, kwani mirabaha isiyomfikia msanii humvunja moyo anayelipa na anayetunga pia.