Nani Aingie Pamoja na Mgonjwa?

Kwetu mtu akiugua, jamaa humzunguka. Basi mama anayempeleka bintiye kwa daktari wa maradhi ya nafsi, akaambiwa angoje nje, huona ametukanwa. Sivyo, wazazi wapenzi. Mke atasemaje juu ya mumewe, naye mume ameketi ubavuni pake?

Sigmund Freud, daktari wa Vienna, aliwafundisha wanafunzi wa chuo kikuu tangu mwaka 1915 hata 1917. Aliwaambia wazi kwamba matibabu yake, yaliyo ya maneno tu, hayavumilii msikilizaji. Hata wao wasingeweza kuyahudhuria. Juu ya jamaa alikuwa mkali zaidi, pengine kupita kiasi: aliuliza ni upasuaji gani ungefaulu, ndugu wote wakiinamia kidonda.

Walakini yeye mwenyewe alikuwa amemtibu mtoto mmoja kwa mkono wa baba yake. Alimpokea mara moja tu, mwaka 1908, mtoto akikaribia miaka mitano, na baba alikuwapo. Mdogo namna hii angekujaje peke yake? Tena katika miaka ya 1950 madaktari kadhaa wa Marekani walianza kuwapokea baba, mama na watoto pamoja. Lakini hapo anayetibiwa ni jamaa nzima. Binti aliyekuja kwa shida yake ana haki ya mlango uliofungwa, hata akapenda mwenyewe mama aitwe.