Sarafu ya dhahabu ni ushahidi, wanafunzi wafunzwe kuusoma

Somo la historia limegeuzwa na wengi kuwa somo la kukariri miaka. Mwanafunzi huulizwa jambo fulani lilitukia lini, naye hujibu, akapewa alama zake, na mambo yakaishia hapo. Mimi naonelea kuwa mwaka usiofuatwa na swali "kwa nini?" ni tarakimu tupu. Ili kulithibitisha dai hili, nitatumia kitu kidogo kinachotoshea kiganjani: sarafu ya dhahabu ya dola 20 iliyotengenezwa Marekani kati ya mwaka 1907 na 1933.

Sarafu hiyo ilibuniwa na mchongaji Augustus Saint-Gaudens kwa ombi la Rais Theodore Roosevelt, aliyeziona sarafu za nchi yake kuwa hazina uzuri. Upande mmoja yupo mwanamke anayewakilisha Uhuru, ameshika mwenge kwa mkono wa kulia na tawi la mzeituni kwa mkono wa kushoto. Upande wa pili tai anaruka juu ya jua. Mtazamaji mwenye haraka atasema kuwa sarafu zote za miaka hiyo ni sawa. La hasha!

Zile za kwanza za 1907 zimeandikwa mwaka kwa tarakimu za Kirumi, MCMVII, na mchoro wake umeinuka sana. Uzuri huo ulikuwa na taabu yake. Kila sarafu ilibidi igongwe na mashine zaidi ya mara moja, wala hazikufaa kupangwa moja juu ya nyingine. Saint-Gaudens alifariki Agosti 1907, kabla umma haujaipokea kazi yake. Mwaka huo huo Charles Barber, mchongaji mkuu wa kiwanda cha sarafu, aliupunguza mwinuko, na mwaka ukaandikwa kwa tarakimu za kawaida. Sanaa ilishindana na mashine, na mashine ikashinda.

Sasa tuutazame upande wa tai. Sarafu za 1907 na baadhi ya zile za 1908 hazina maneno ya kutangaza kuwa taifa lamtumaini Mungu. Roosevelt hakuwa mpinzani wa dini. Aliamini kwamba kuliandika jina la Mungu katika fedha ni kulivunjia heshima. Wananchi wengi walighadhabika, na mwaka 1908 Bunge la Marekani likapitisha sheria ya kuyarudisha maneno hayo. Tangu hapo yanaonekana juu ya jua. Mstari mmoja mfupi umebeba mabishano ya taifa zima.

Ukingoni mwa upande wa mwanamke zimepangwa nyota, moja kwa kila jimbo. Hadi 1911 zilikuwa 46, kwa kuwa Oklahoma ilikuwa jimbo la 46 mnamo Novemba 1907. Kuanzia 1912 zikawa 48, kwani mwaka huo New Mexico na Arizona zilijiunga. Kwa hiyo, hata tarakimu za mwaka zikifutika, anayehesabu nyota atajua sarafu ni ya kipindi kipi.

Hata hivyo, si kila tofauti ni badiliko la mchoro. Goti la mwanamke likiwa bapa, huenda huo ni uchakavu tu. Herufi D au S iliyo juu ya mwaka yaonyesha kuwa sarafu ilitengenezwa Denver au San Francisco. Mwanafunzi afunzwe kuutenga kwanza uchakavu, kisha alama ya mahali, ndipo aulize sababu ya kinachosalia. Huo ndio uchunguzi wa ushahidi, nao hauishii katika sarafu.

Mwaka 1986 mwanamke yule alirudi katika sarafu mpya ya dhahabu ya Marekani, safari hii akiwa na nyota 50. Mwalimu hana haja ya kutaja sababu. Mwanafunzi aliyefuata mpaka hapa ataitaja mwenyewe.

Najua watakaosema kuwa shule zetu hazina dhahabu. Picha zatosha. Isitoshe, shilingi ya Kenya yaweza kufanya kazi hiyo hiyo. Mwalimu na aweke mezani sarafu ya zamani yenye kichwa cha rais, kando yake aweke mojawapo ya zile zilizozinduliwa Desemba 2018 zikiwa na twiga, kifaru, simba na ndovu. Akiulizwa sababu, awaelekeze wanafunzi kwenye kifungu cha 231 cha Katiba ya 2010, kinachokataza picha ya mtu yeyote katika fedha zetu.

Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Mwanafunzi aliyeinama juu ya sarafu mbili, akahesabu na kulinganisha, hatausahau mwaka wa badiliko, kwa maana ameijua sababu yake.